Ndege wa Mtemi na Mgongo wa Bibi Kalekwa

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, pakawa gani hiyo ya kunong'ona? Hadithi ya leo si ya watu wa kunong'ona. Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sasa nimesikia watu. Sogeeni karibu. Wewe unayekohoa, kohoa umalize kabisa, maana nikianza sisimami.

Hapo kale, ile kale ya kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji katikati ya mbuga. Jina lake silitaji. Wajukuu wa wajukuu wa Mtemi wa kijiji kile bado wapo, na hasira zao ziko karibu. Nyasi mbele, nyasi nyuma, nyasi kulia, nyasi kushoto. Upepo ukipita, shwaaa! Nyasi zinalala. Upepo ukirudi, shwaaa! Nyasi zinaamka.

Na ndani ya nyasi hizo aliishi ndege.

Ukimwona ndege yule kwa mbele, lazima usimame. Kooni manjano. Kifuani manjano. Tumboni manjano. Manjano ya kiini cha yai la kuku anayejitafutia mwenyewe, si manjano ya kubahatisha. Na juu ya manjano hayo, kuvuka kifua kutoka bega hadi bega, utepe mweusi, mweusi tititi, kama mkufu wa bibi harusi. Asubuhi anapanda kichuguu, anaelekeza kifua kwenye jua, anapiga mluzi. Fyuu-wii! Fyuu-wii! Huyo watu walimwita Kidari, kwa ajili ya kidari chake.

Na palikuwa na ndege mwingine. Ndivyo ilivyosemwa. Mgongo wake kahawia, una michirizi myeusi, na kila unyoya umezungushiwa ukingo wa rangi ya majani makavu. Akitulia nyasini unaweza kumkanyaga na usimwone. Akitembea, anatembea akikuacha, tik, tik, tik, na ukucha wake wa nyuma mrefu kupita kiasi, unakanyaga nyasi bila kuzama. Akiruka, prrrr! Pembe mbili nyeupe za mkia zinameta, halafu hayupo. Huyo walimwita Kanyasi.

Sasa sikilizeni sheria ya kijiji. Kidari ni wa Mtemi. Manyoya yake ya manjano yalishonwa kwenye taji la Mtemi, na kwenye kola ya Mtemi, na kwenye fimbo ya Mtemi. Mtu mwingine akimuua Kidari, anavushwa mto akiwa mikono mitupu, harudi tena. Kama ni mwanamke, watoto wanabaki kwenye ukoo wa mume. Hata anayenyonya, anabaki.

Lakini Kanyasi? Kanyasi ni wa kila mtu. Mle mpasuke.

Mbona mnatazamana? Eti mmeshajua? Nyamazeni basi, msiwaharibie wenzenu.

Haya, nasema mwenyewe. Ndege alikuwa ni yule yule! Akikutazama ni Kidari, akikupa mgongo ni Kanyasi. Na kijiji kizima kilijua. Watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, walijua na walikaa kimya, na kila siku waliyokula nyama walikula ndege wa Mtemi.

Walifanyaje? Walikuwa na desturi. Ndege akipigwa, ananyonyolewa palepale mbugani, nyo, nyo, nyo, manyoya yanafukiwa ardhini na udongo unakanyagwa. Nyumbani ndege anaingia uchi. Mtoto akiuliza, anaambiwa, "Manyoya yakiingia ndani, paa litavuja." Mtoto anakua, anapiga ndege wake wa kwanza, anamgeuza, anaona manjano, macho yanamtoka. Baba yake anamwambia, "Nyonyoa." Hakuna neno jingine. Nyonyoa. Na mtoto anakuwa mtu mzima siku hiyo.

Watoto wadogo tu ndio walioimba ukweli, kwa kuwa hawakujua kwamba ni ukweli. Waliimba wakimfuata ndege mbugani:

"Kidari, Kidari, geuka nikuone!
Kanyasi, Kanyasi, geuka nikuone!"

Nanyi mtaniitikia nikifika mahali pake. Jiandaeni.

Kuna desturi nyingine lazima niwape kabla sijaingia ndani. Mtemi hapewi mgongo. Akiitisha baraza, unakwenda umevaa kitambaa cha manjano kifuani, kimechovywa rangi ya mizizi, kimenyooshwa, kinanukia. Nyuma je? Nyuma hakuna anayekagua. Nyuma unafunga kamba tu, na mgongo wako na vazi lako la ngozi lililochanika ni shauri lako. Baraza likiisha unaondoka kinyumenyume, unainama, unarudi, unainama, unarudi, mpaka utoke uani. Watu waligongana. Watu walikanyaga kuku. Mzee mmoja alikalia chungu cha uji. Lakini Mtemi hakupewa mgongo, yeye, wala baba yake, wala baba wa baba yake.

Mtemi wa siku hizo aliitwa Lugusha. Hakuwa mtu wa kula watoto, msimwogope bure. Alikuwa mtu aliyezaliwa akitazamwa usoni, basi akadhani dunia yote ina uso tu.

Haya. Sasa anakuja Mbuke.

Mbuke alikuwa mke wa Masele. Aliolewa kutoka vilimani, mbali, kwenye mawe na miti, ambako ndege huyu hayupo kabisa. Alikuja na nguo zake na kombeo lake, na mkono wake ulikuwa hauna mzaha: akizungusha kombeo, vuu, vuu, vuu, jiwe likitoka linajua linakokwenda. Akazaa mtoto wa kike, wakamwita Holo.

Nani alipaswa kumwambia Mbuke habari za kunyonyoa? Mama mkwe. Ndiyo kazi ya mama mkwe. Lakini mama yake Masele alikuwa amekufa kabla ya harusi. Masele akadhani wanawake wamemwambia. Wanawake wakadhani Masele amemwambia. Kila mmoja akamwachia mwenzake, na Mbuke wa watu akabaki hajui lolote, wala kunyonyoa wala sheria ya Kidari. Ndege aliowala alikuwa akiletewa na mumewe, tayari wako uchi.

Mwaka ule mtama ulichelewa. Maziwa ya Mbuke yakaanza kupungua, na Holo akawa analia kilio kile chembamba cha njaa. Mbuke alikuwa shambani akiamia ndege, analinda mtama usiliwe. Akaona kitu kahawia kinatembea pembezoni, tik, tik, tik, kinampa mgongo. Akasema moyoni, Kanyasi huyo. Nitapata mchuzi, nitapata maziwa.

Vuu, vuu, vuu. Pwa!

Akaenda kumwokota. Akamgeuza. Akaona manjano.

Unadhani alishtuka? Hata! Alifurahi. Alisema, "Yallah, kumbe ni mzuri hivi! Masele hajawahi kunionyesha." Akamshika miguu, mtoto mgongoni, akapita katikati ya kijiji mchana kweupe, kidari cha ndege kinawaka jua kama taa. Watu walimwona. Mwanamke mmoja, Sato, jirani yake kabisa, alidondosha mchi. Mwingine aliingia ndani akafunga mlango. Hakuna aliyesema neno.

Na mbele yake akatokea Shindika, mnyapara wa Mtemi.

"We mwanamke! Umeshika nini?"

"Kanyasi, kaka," Mbuke akasema, anatabasamu.

Shindika akamtazama ndege. Akamtazama Mbuke. Akatazama huku na huku, akaona watu wanatazama. Angekuwa peke yake huenda angesema nyonyoa, twende tukale. Lakini watu wanatazama! Akapaza sauti, "Umeua ndege wa Mtemi!"

Basi, mambo yakaharibika. Ndege akachukuliwa. Holo akatolewa mgongoni mwa mama yake, akapewa Masele, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Baraza likaitishwa jua likigeukia magharibi, na watu wakaanza kutafuta vitambaa vyao vya manjano.

Mbuke alikaa mlangoni kwake. Kifua kimejaa, kinamuuma, na mtoto analia nyumba ya pili. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wakachuchumaa.

"Mwenzetu, kwa nini hukumnyonyoa?"

"Kumnyonyoa kwa nini?"

Ndipo wakamwambia. Kwa sauti ya chini, wakitazama chini. Mbuke akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Kumbe wote mnakula?"

"Shhh!"

"Wote? Na wewe, Sato? Na wewe?"

"Tunakula, mwenzetu. Tufanyeje?"

"Basi semeni! Semeni mbele yake! Mimi mtoto wangu ananyonya, atanyonya nini kesho? Kitambaa cha manjano?"

Sato akasema, "Tukisema, tutavushwa mto sote." Akajifuta macho. Akaondoka. Wote wakaondoka.

Masele akaja, amembeba mtoto. Mbuke akamnyonyesha, haraka haraka, wakijificha nyuma ya ghala kama wezi. Masele akasema, "Mke wangu, wewe omba msamaha. Lia. Jigaragaze. Halafu ukivuka mto, nitakuwa nakuletea habari zake."

"Habari zake!" Mbuke akasema. Akamgeuzia mtoto ziwa la pili.

Ndipo ilipofika fimbo. Ko. Ko. Ko. Nyuma ya fimbo, Bibi Kalekwa.

Huyu ndiye ninayemsimulia leo, ingawa nimechelewa kumtaja. Bibi Kalekwa alikuwa mfupi, mweusi, mguu mmoja unaburuta, meno yamebaki ya kuhesabika. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Alizaa, akazika. Ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wa Mtemi. Mkienda kumwuliza jambo hakuwapa jibu tamu. Aliwapa jibu, basi. Watu walimwita mwenye busara akiwa hayupo. Akiwepo walimpa shikamoo na kupita haraka.

"Marahaba, marahaba, hata kama hamjaniamkia," akasema. "Wewe Mbuke. Ulipomtupia jiwe, alikuwa rangi gani?"

"Kahawia, bibi."

"Ulipomwokota?"

"Manjano."

"Basi sema hivyohivyo. Usipunguze, usiongeze. Na usilie. Ukilia utawapa raha, wataona wamekuhurumia na yataishia hapo."

"Watanifukuza, bibi."

"Huenda. Lakini hawatakufukuza huku umeinama."

Masele akasema, "Bibi, utamponza mke wangu."

Bibi Kalekwa akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Mke wako ameshaponzwa, mwanangu. Ameponzwa na mdomo wako uliofungwa. Mshike vizuri huyo mtoto, shingo hiyo."

Jua likageuka. Ngoma ikalia, ndi! Ndi! Ndi! Watu wakaingia ua wa Mtemi.

Mngewaona! Vifua vya manjano, safu kwa safu, vimenyooka, vinang'aa. Mtemi Lugusha ameketi kwenye kigoda chake, taji la manyoya kichwani, ameridhika. Ndege aliyekufa ametundikwa kwenye mti mfupi mbele yake, kifua kikimtazama Mtemi.

Mbuke akasimamishwa mbele. Yeye hakuvaa kitambaa. Hakupewa nafasi ya kukitafuta, na nadhani hata angepewa asingekitafuta.

"Umemuua Kidari wangu?" Mtemi akauliza.

Nyuma ya watu, Holo alianza kulia. Mbuke akasema, "Nilimpiga Kanyasi, Mtemi. Nilipomwokota alikuwa Kidari."

Watu wakaguna. Mtemi akacheka. "Jiwe lako lina uganga? Linabadilisha ndege?"

"Jiwe halikubadilisha kitu. Nilimgeuza tu."

Ko. Ko. Ko. Fimbo ikapita katikati ya vifua vya manjano.

"Mtemi," akasema Bibi Kalekwa, "nina swali dogo, la bibi kizee. Kidari ana mgongo wa rangi gani?"

Mtemi akalishika taji lake. Maisha yake yote aliletewa manyoya ya kifua, yamefungwa vizuri kwenye jani. Na ndege mbugani alimwona kwa mbali tu, wanyapara wakimwonyesha: kule, Mtemi, juu ya kichuguu, anakutazama.

"Manjano," akasema. "Wa manjano ni wa manjano."

Shindika mnyapara akafumba macho.

"Shindika," Bibi akaita. "Fumbua macho, baba. Mtemi anapewa manyoya. Nyama ya Kidari huwa inakwenda wapi?"

Mtu mmoja alicheka, pff, akajiziba mdomo.

Bibi akamwendea ndege. Akamgeuza kwenye kamba. Mgongo ukaonekana: kahawia, michirizi myeusi, kingo za majani makavu. Pembe mbili nyeupe za mkia. Ukucha mrefu wa nyuma. Kanyasi mtupu. Akamgeuza tena. Kidari. Akamgeuza tena. Kanyasi. Na huko pembeni, kitoto kimoja kisichojua woga kikaanza kuimba. Haya, nisaidieni!

— Kidari, Kidari, geuka nikuone!

— Kanyasi, Kanyasi, geuka nikuone!

Mama yake akakifinya, kikanyamaza.

Mtemi alikuwa ameinuka. "Amempaka matope!"

Bibi Kalekwa akatema mate kidoleni, akasugua mgongo wa ndege. Akakionyesha kidole. Safi.

Mnadhani Mtemi alisema, ahsante bibi, umenielimisha? Hamuwajui watu wa vigoda. Alisema, "Basi huyu ni Kidari aliyezaliwa na kasoro. Kifua chake ni cha manjano, ni wangu, na sheria iko palepale. Mwanamke avushwe mto. Mtoto abaki."

Mbuke akamtazama Bibi, kama kusema, ndiyo basi?

Na Bibi Kalekwa akatikisa kichwa polepole. Akachomeka fimbo ardhini, ko. Akageuka.

Mnasikia? Akageuka! Akampa Mtemi mgongo!

Watu walivuta pumzi, haaa! Mwanamume mmoja alianguka chini akaficha uso. Mgongo wa Bibi Kalekwa ulikuwa wazi, kamba moja tu ya kitambaa imepita katikati. Mgongo uliopinda kwa kuni. Kovu kubwa begani, ambapo kamba ya mzigo ilikula nyama mwaka walipojenga ghala la Mtemi. Ngozi kavu, kahawia, michirizi, michirizi.

"Huu ndio mgongo wangu," akasema, akiwatazama watu badala ya Mtemi. "Umenitawala nikiwa msichana, ukanitawala nikiwa mke, unanitawala nikiwa mjane, na leo ndiyo mara ya kwanza unauona. Mbele nimevaa rangi yako. Nyuma ni mimi. Na ndege wako nimemla, Mtemi. Nimemla nikiwa na njaa, nimemla nikiwa nimeshiba, na alikuwa mtamu."

"Mkamateni!" Mtemi akapiga kelele.

Hakuna aliyesogea.

"Aliyewahi kumla Kanyasi," Bibi akasema, "ageuke."

Upepo, shwaaa, nje ya ua. Mbuke aliwatazama wote wale, majirani zake, na vifua vyao vizuri vya manjano, na macho yao yakimkwepa. Akawachukia. Nasema kweli, kwa muda ule aliwachukia wote, akajiambia, kama hawageuki nitauvuka mto nikiwalaani.

Halafu, chakara. Kitambaa kimoja.

Sato. Jirani. Amegeuka, vazi lake la ngozi limeraruka nyuma na kushonwa kwa uzi wa katani.

Chakara. Mwingine.

Chakara, chakara. Mwanamume na mkewe.

Chakara, chakara, chakara, chakara! Safu ya mbele yote! Safu ya kati! Yule mzee aliyekalia chungu cha uji! Manjano yakazimika uani, kidogo kidogo, pakawa kahawia, kahawia, kahawia, migongo yenye makovu ya mizigo, migongo iliyoungua jua, migongo yenye viraka. Ua wa Mtemi ukawa mbuga.

Shindika mnyapara alisimama peke yake pembeni ya kigoda, mkuki mkononi. Alimtazama Mtemi. Chakara, akageuka naye.

Akabaki Masele. Amemshika mtoto, uso kwa Mtemi, jasho linamtoka. Mbuke akamwendea. Hakukimbia, alitembea. Akasimama mbele yake, akamchukua Holo mikononi mwake, akampa ziwa palepale, mbele ya kigoda, hukumu ikiwa bado ya moto. Kilio kikakatika. Masele akamtazama mkewe, akamtazama mtoto. Machozi yakamtoka.

"Nilipaswa kukwambia," akasema.

"Ulipaswa," Mbuke akasema. "Sasa geuka."

Akageuka.

Mtemi akafoka, "Geukeni! Nitazameni! Nawaamuru!"

Migongo.

"Nitawafukuza wote!"

"Tufukuze," Bibi Kalekwa akajibu, bila kugeuza hata shingo. "Halafu utatawala vichuguu."

Mtemi Lugusha akashuka kwenye kigoda. Akazunguka ua, mbio, taji limekaa upande, akitafuta nyuso upande wa pili. Watu wakamsikia anakuja. Chakara! Wakageuka wote. Migongo. Akazunguka tena. Chakara! Migongo. Ndivyo afanyavyo ndege mwenyewe mbugani, mnajua: ukimwendea kwa ubaya anakuzungushia mgongo, na kadiri unavyozunguka naye anazunguka, hupati kuona hata unyoya mmoja wa manjano. Mtemi akazunguka mpaka akahema. Huko pembeni kile kitoto kikaanza tena, na safari hii mama yake hakukifinya. Imbeni nanyi!

— Kidari, Kidari, geuka nikuone!

— Kanyasi, Kanyasi, geuka nikuone!

Wanawake wakaitikia. Wanaume wakaitikia. Ua mzima unaimba, umempa mgongo.

Mtemi akarudi kwenye kigoda chake, akaketi kwa kishindo, pu! Akavua taji. Akaligeuza mkononi, akaangalia ndani yake, upande ambao hakuwahi kuuangalia, ambako palikuwa na uzi na gundi na mashina ya manyoya. Akakaa hivyo. Wimbo ukaisha wenyewe.

"Mwanamke abaki," akasema.

Migongo.

"Mwanamke abaki na mtoto wake."

Migongo.

"Mnataka nini tena?"

"Ndege," akasema Mbuke.

Ndiyo, Mbuke, si Bibi. Mtoto kifuani, sauti imekauka. "Sema wako wangapi. Kama wako wawili, kesho atakamatwa mtu mwingine."

Mtemi akamtazama ndege aliyening'inia. Upepo ulikuwa unamzungusha kwenye kamba, manjano, kahawia, manjano, kahawia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mmoja."

"Hatusikii," Bibi Kalekwa akasema. "Tumekupa mgongo."

"Ni mmoja! Ndege ni mmoja! Na ni wa mbuga, aliwe na mwenye njaa!"

Ndipo wakageuka. Na nyuso zao, wasikilizaji wangu, hazikuwa zinatabasamu. Zilikuwa nyuso tu.

Mbuke akamfungua ndege wake kwenye kamba. Akampeleka nyumbani akipita katikati ya kijiji, na manyoya yake yote, kidari mbele, nyasi nyuma. Akapika. Mchuzi ukatoka, maziwa yakatoka. Na paa halikuvuja hata tone.

Kuhusu Bibi Kalekwa, Mtemi hakuweza kumwacha hivihivi, nafsi ilimuuma. Akampiga marufuku kuingia barazani. Bibi akasema, "Ahsante, kigoda changu cha nyumbani ni laini zaidi." Akawa anakaa nje ya ua, kwenye jua, anasema kwa sauti kila anachofikiria, na ndani wanasikia kila neno.

Tangu siku ile watu wa kijiji kile hawatoki barazani kinyumenyume. Wanasema walilokuja kusema, wanageuka, wanakwenda zao. Kuku wao wakapona. Na Bibi Kalekwa alipokufa hawakumzika kama wanavyozikwa wengine, uso kwa nyumba ya Mtemi. Alikuwa ameacha maneno kwa Mbuke, na Mbuke alisimama juu ya kaburi mpaka yakatimizwa. Walimlaza uso kwenye mbuga. Mgongo, mnajua wenyewe ulikuwa upande gani.

Mafunzo yake? Mkubwa anayependa kutazamwa usoni tu, hawajui watu wake, anazijua nguo zao. Na ninyi mnaonyonyoa gizani na kufukia, halafu mnamtazama mwenzenu akivushwa mto, msijidanganye kwamba mmenyamaza kwa busara. Mmenyamaza kwa woga. Geukeni mapema.

Hadithi yangu imetua hapo, kwenye kichuguu chake. Mwenye kupiga makofi apige. Mimi nimeshageuka, mnaona mgongo wangu, nakwenda zangu.